Hita ya Maji Katika Nyumba ya Eda

Alkhamisi, Januari 2007. Sidab.

Tangu alfajiri mbingu ni nzito na upepo unashuka kutoka milimani, ule mkavu unaopasua midomo. Watu wa nchi za theluji wangetucheka, lakini baridi ya kwetu ni baridi kweli kwa sababu nyumba zetu zilijengwa zipigane na joto tu. Chini marumaru, madirisha hayafungi vizuri, na maji ya tangi la darini leo yalinitoa ukelele nilipojimwagia kopo la kwanza.

Nimechoka. Vidole vinaniuma, na mkononi nina mkwaruzo mrefu ambao sikumbuki niliupata saa ngapi. Nataka kuandika sasa hivi, kabla sijaanza kujiongezea ushujaa.

Kwa asiyenijua: naishi na Bibi Raya, dada yake bibi yangu mzaa baba. Wazee wangu wako Unguja. Mimi nililetwa huku, nchi ya Waarabu, nikiwa msichana wa skuli, nikasoma, nikapata kazi ya ukarani serikalini, na miaka yote hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: Bibi, mumewe Babu Seif, na mimi. Babu alifariki baada tu ya Idi ya Ramadhani. Tangu hapo Bibi yumo edani, ile miezi minne na siku kumi ambazo mjane hukaa ndani, na nyumba imekuwa ya watu wawili wanaosikilizana wakipumua.

Mtu ambaye hajaishi katika nyumba ya eda sidhani kama anaweza kukijua kimya chake. Vioo tumevifunika kanga. Televisheni haiwashwi. Udi haufukizwi, Bibi hajitii manukato hata tone, na mimi nimeacha pia kwa kumwonea haya. Nyumba hii zamani ilimkaribisha mgeni kwa pua kabla hajaona mtu. Sasa inanuka sabuni ya kufulia.

Na wanaume wa nje hawaingii.

Hilo Bibi hana mjadala nalo. Nilimsomea maneno ya mashekhe kwamba fundi akija kwa dharura hapana ubaya. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniambia mama yake alikaa eda Unguja mlango umefungwa, na yeye hatakuwa wa kwanza katika ukoo kuufungua.

Sasa hita.

Kiangazi sote huku tunaizima. Maji ya darini huwa ya moto kiasi cha kuivisha yai, kwa hiyo yale yaliyolala ndani ya hita, kivulini, ndiyo yanayokuwa ya baridi, na mtu huoga kwa bomba jekundu, lile la hita. Ikifika baridi hita huwashwa tena. Kazi hiyo ilikuwa ya Babu. Alibonyeza swichi mara mbili kwa mwaka, na hakuna mwingine aliyeigusa. Mwaka huu baridi ilipoanza nilibonyeza mimi. Taa nyekundu ikawaka. Tukangoja. Maji yakatoka baridi vilevile. Kesho yake nikajaribu tena, na kesho yake tena, kama mtu anayempigia mlango jirani aliyehama.

"Labda imemfuata mwenyewe," Bibi akasema.

Hatukucheka.

Bibi ana kifua. Akishatawadha alfajiri kwa maji yale hukohoa mpaka jua litoke. Nimekuwa nikimchemshia maji kwa sufuria, lakini yeye huamka kabla yangu na hataki kuniamsha. Nakisikia kikohozi chake ukutani, nainuka mbio, nakuta ameshamaliza na miguu yake inang'aa maji.

Juzi mwanawe, Ami Khalfan, alikisikia kikohozi hicho kwenye simu. Ami anaishi Al Amerat, nyuma ya milima, katika nyumba mpya kubwa. Ni mtu mwema anayependa mambo yaishe, ila yeye na wanawe spana hawajui inashikwa vipi. Akasema: kama fundi haruhusiwi kuingia, basi Mama atatoka yeye. Kwake kila choo kina maji ya moto. Ijumaa baada ya sala atakuja na gari.

Ijumaa ni kesho.

Nilidhani Bibi atagomba naye. Eda ya Babu haijaisha, na yeye anaamini kwa moyo wake wote kwamba mjane humaliza eda katika nyumba aliyoachwa. Kumhamisha kabla ni kama kumwambia Babu kwamba hakupewa haki yake. Lakini hakugomba. Aliweka simu chini, akaenda chumbani, akaanza kukunja nguo zake moja moja na kuzipanga juu ya kitanda.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimwambia tununue hita mpya. Hita mpya inataka wanaume wawili wa kuiinua na mmoja wa kutoboa ukuta, kwa hiyo tukarudi palepale. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kujua kilichokufa ndani ya ile kuukuu, kukitafuta, na kukifunga kwa mikono ya mwanamke. Wanawake ndani ya nyumba hii ni wawili, na mmoja wao magoti yake hayapandi ngazi.

Mimi ni mtu ambaye kazini huzunguka korido nzima ili nisipite mbele ya mlango wa mkubwa wangu. Leo nilifungua kifuniko cha hita, kile chenye kibati cha jina la waliotengeneza, nikakizungushia taulo, nikapanda teksi mpaka Ghala.

Nilikuwa sijawahi kushuka Ghala. Siku zote naiona kwa mbali kutoka barabarani. Ni mitaa ya gereji na mabohari, mabati yanagongwa, malori yanarudi nyuma bila ya kuangalia, na wanaume kila mahali. Ndani ya teksi nilijifunza sentensi yangu ya Kiarabu, nikaisema kimoyomoyo mpaka ikawa haina maana tena. Kiarabu changu ni cha vitabu. Nikisema dukani watu huniangalia kama nimewasomea khutba.

Duka la kwanza waliangalia kibati wakasema "mafi", hakuna, kabla sijamaliza sentensi. La pili walinionesha hita mpya, nyeupe, nzuri. Katika la tatu mwenye duka aliuliza hii ina umri gani. Nilipomwambia, akamwita mwenzake aje aione, wakasimama wawili wanaitazama kama picha ya harusi ya zamani.

Duka la nne lilikuwa na vijana wawili kaunta. Mmoja, mrefu, alipokea kifuniko, akakigeuza, akanitazama mimi na buibui langu, kisha akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba haeleweki:

"Cheki huyu. Ameleta maiti hapa, anataka tuifufue."

"Si umwambie aende akazike," mwenzake akajibu bila ya kuinua kichwa.

Nilikusudia kunyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokujua. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe.

"Maiti tumeshamzika," nikasema. "Hii ni hita yake."

Kisha nikalia. Pale pale kaunta, mbele ya mabomba na masinki, nikiwa nimeshika taulo.

Sijui nani kati yetu aliona aibu zaidi. Yule mrefu alizunguka kaunta akaniletea kiti, halafu maji, halafu kiti kingine, sijui cha nini.

"Pole, dada. Pole sana. Haki ya nani, sikujua unaongea Kiswahili!"

"Nimezaliwa nacho."

"Na mimi mwaka mzima nakaa hapa nikisema watu!"

"Mutiso, leo umepatikana," mwenzake akasema, akainamia kaunta mabega yanamtikisika.

"Wewe nyamaza, ni wewe umesema azike!"

Jina lake ndilo hilo, Mutiso, Mkenya wa Machakos. Aliniuliza taratibu hita inafanya nini, nikamweleza: taa inawaka, maji hayapati moto. Akasema hapo huwa ni koili, ule waya mnene uliokaa ndani ya maji. Ila koili za hita hii haziletwi tena, na tundu lake si sawa na la hita za siku hizi. Kisha akakuna shingo akasema nyuma ya duka kuna hita kuukuu ambazo wateja huziacha wanaponunua mpya, na siku moja moja gari la vyuma chakavu huja kuzichukua.

"Tuma fundi wako aje tuangalie na yeye," akasema.

"Sina fundi. Nitafunga mimi."

Wakatazamana. Nikawaeleza eda. Nilidhani watacheka, hawakucheka. Mutiso alifikiri kidogo.

"Hata mimi siwezi kuingia? Mimi ni mtu wa kanisa, dada. Nitaangalia ukuta tu."

"Hata wewe."

"Na nikivaa hiyo buibui?"

"Kwa urefu huo?" mwenzake akauliza. "Watajua ni mnara umeingia."

Nilicheka. Kwa sauti, mpaka nikaziba mdomo. Sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba, na mara nikaona aibu kama niliyeiba kitu.

Nyuma ya duka palikuwa na hita labda thelathini zimelala juani, zimepandiana, nyingine zimepasuka ubavu. Tulizipita moja moja tukitafuta kibati kama chetu. Tulipata mbili. Ya kwanza kutu ilikuwa imekula hata kichwa cha boliti. Ya pili ilikuwa nzima.

Mutiso akanipa spana.

"Mimi ni wa kuuza, si fundi. Nimeona tu wakifungua. Lakini kama utafunga wewe, ni afadhali ufungue wewe."

Nikakunja mikono ya buibui mpaka kwenye viwiko. Wanaume wa duka la pili walitoka kutazama. Mmoja alivuta kreti akaketi kabisa. Nilihisi macho yao mgongoni kama jua. Boliti ya kwanza ilikataa, nikaikanyaga spana kwa mguu, ikalia, ikakubali. Ya pili ikafuata. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba tangi lile huenda bado lina maji. Boliti ya mwisho ilipoachia, maji meusi ya miaka sijui mingapi yalimwagikia viatu vya Mutiso, na yule wa kwenye kreti akapiga makofi.

Koili tuliisugua, tukaitumbukiza katika ndoo ya maji, wakaiunganisha na umeme na kunionya nisisogee. Tukainama wote kutazama. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha vipovu vidogo vikaanza kupanda.

"Iko hai," Mutiso akasema, na safari hii alilichunga neno.

Mpira wa kuzuia maji alinitafutia mpya, akanieleza mara tatu: kata umeme wa nyumba nzima, si swichi tu. Toa maji yote. Kaza boliti kwa kupishana. Nililipa, nikamshukuru. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimamisha teksi, akasema huku hana mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani isipokuwa huyo mwenzake, na mwenzake ni Mluhya asiyekubali kushindwa. Nilitaka kumwambia kwamba mimi naongea na mtu mmoja tu. Badala yake nikasema kwaheri.

Nyumbani nilikata umeme baada ya Alasiri. Bibi aliweka kibao mlangoni mwa choo, akakaa na tasbihi yake, na baina ya subhana moja na nyingine akawa msimamizi.

"Umetoa maji yote?"

"Yote, Bibi."

"Na hayo yanayodondoka ni machozi yake?"

Koili ya zamani ilitoka kwa shida. Ilikuwa imeota chokaa nyeupe pande zote, na katikati imekatika. Niliiweka juu ya taulo. Bibi aliitazama kwa muda.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza. "Kitu chenyewe ndiyo hicho?"

"Ndiyo hiki."

"Nasi tumekaa na baridi siku zote hizi."

Nikaitia nyingine, nikaanza kukaza.

"Kaza! Unakaza kama unamfunga kilemba bwana harusi."

"Nikizidi itakatika, Bibi."

"Haikatiki. Wewe tu ndiye unayekatika."

Nilipofungulia maji yakatiririka ukutani. Mpira nilikuwa nimeubana vibaya. Nikakaa chini sakafuni, nimerowa, jua linapungua dirishani, na kwa mara ya kwanza leo nikaona wazi kwamba nitashindwa, kwamba kesho gari litasimama nje na Bibi atatoka na nguo zake alizozikunja. Bibi alinyoosha mkono wake akanishika bega na kuuacha hapo.

Nikafungua tena. Nikaurekebisha mpira, nikakaza kwa kupishana kama nilivyoambiwa. Safari hii ukuta ukabaki mkavu.

Kuwasha umeme niliogopa hasa. Nilisimama nje ya choo juu ya mkeka mkavu nikaibonyeza swichi ya hita kwa mwiko.

"Mwiko wangu wa wali huo!" Bibi akapiga ukelele.

Taa nyekundu ikawaka, kama ilivyowaka siku zote. Sikuiamini. Tukasali Magharibi. Nilipotoa salamu nikaenda nikafungua bomba jekundu, nikaweka mkono.

Yalikuwa ya moto. Moto wa kuondoa mkono.

Bibi aliingia kuoga. Nilibaki ukumbini napanga vyombo vyangu vya ufundi, nikisikia ndoo inavyojaa. Kisha, chini ya sauti ya maji, nikasikia nyingine. Mwanzo nilidhani anakohoa. Hakuwa anakohoa.

Bibi Raya hakulia mazishini. Hakulia katika hitima, wageni walipokuwa wakimkumbatia na kumlilia begani. Wanawake walimsifu kwa subira yake. Mimi mwenyewe nilimsifu. Kumbe alikuwa hana pahala pa kulilia. Ukioga kwa maji ya kuganda unajimwagia haraka na kutoka, huwezi kukaa. Leo alikaa. Alifungulia bomba kwa nguvu zote ili nisisikie, na nikajifanya sisikii, nikaenda jikoni nikagongesha sufuria zisizo na kazi.

Alitoka na macho mekundu na uso umelainika kama wa mtu aliyelala vizuri.

"Allah akupe kila la kheri, mwanangu," akasema. "Hata yeye hakuwahi kuifungua ile. Akiita fundi, kisha akijisifu."

Nikamtilia chai. Tukanywa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua, nikasema kama mjinga: sasa Bibi huhami tena.

"Sasa ntamaliza eda yangu hapa," akasema. "Nikitoka eda, ntakwenda kwa mwanangu. Nyumba hii nzito, Zuwena. Kila mlango nnaofungua nnamngoja atoke. Nlikuwa nataka tu niondoke kwa haki."

Nikasema "Insha Allah", nikaenda kuosha vikombe.

Kwa hiyo hapa naandika ukweli ambao leo siwezi kumwambia mtu. Nilijiambia naenda Ghala kwa ajili ya eda yake. Nilikwenda kwa ajili yangu. Nilidhani nikipata kile kipande, nyumba itarudi kufanya kazi, na Bibi atabaki, na mimi nitakuwa na mtu wa kunisikia nikipumua. Al Amerat siwezi kumfuata. Ami Khalfan si maharimu wangu, kisheria anaweza kunioa, wala wanawe wakubwa si maharimu wangu, nitaishi vipi humo mtandio kichwani mchana na usiku? Nitapanga chumba na wasichana wa ofisini, au nitarudi Unguja nikaanze upya kuwa mgeni. Sijui. Leo nimeirekebisha hita ya nyumba itakayofungwa.

Nimejiuliza kama ningeyajua haya asubuhi, ningekwenda? Nimeisikia tena ile sauti chini ya sauti ya maji. Ningekwenda.

Ami Khalfan amepiga simu baada ya Isha. Kwa kawaida simu ya nyumba siishiki, naiacha ilie mpaka Bibi aje. Bibi alikuwa bado juu ya msala. Nikainua.

"Mwambie Mama ajitayarishe. Kesho baada ya sala."

"Bibi hatoki, Ami. Maji ya moto yapo."

"Nani kaingia humo?"

"Hakuna aliyeingia. Nimefunga mimi."

Nikamsikia mkewe nyuma yake anauliza kuna nini.

"Wewe, Zuwena? Wewe unayeogopa lifti?"

"Mimi."

"Kesho nitakuja nione kwa macho yangu," akasema. "Na gari nakuja nalo."

Na aje. Yeye ni mwanawe, mlango ni wake. Nitamwekea chai na halua, atakunja mkono wa kanzu, atafungua bomba jekundu na kuungua kidogo. Mimi nitasimama pale, si nyuma ya pazia, nami nikiulizwa nitajibu. Na akiondoka ataondoka peke yake. Tutabaki sisi wawili humu kwa siku za eda zilizobakia, ambazo sitaki kuzihesabu.